Bidoni Linalopumua

Mhadhara kwa walimu, wazazi na wanafunzi wa Kamina, Haut-Lomami

  

Niliambiwa niseme kwa Kifaransa, kwa kuwa ndiyo lugha tunayofundishia. Nikaomba ruhusa niseme Kiswahili, maana kwenye mstari wa mbele wameketi akina mama wanaouza munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, sokoni, nao wanalijua jambo la leo kuliko mimi. Kusudi langu ni moja. Wanafunzi wetu wa biolojia na kemia huchora bioreakta katika madaftari, wakaitia rangi, wakapata alama, na wala hawajaigusa. Nataka kuwaonyesha kwamba inaweza kutengenezwa hapa Kamina kwa bidoni, mpira wa serumu wanaotundikiwa wagonjwa, na pamba, na kwamba ile ya kutengeneza wenyewe inafundisha kuliko ile ya kununua. Nina hoja nne. Ya tatu ni ndefu, mnivumilie.

Hoja ya kwanza: chombo hiki si mgeni kwetu

Bioreakta ni chombo ambamo viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, yaani hamira, bakteria au ukungu, hulishwa na kutunzwa ili watufanyie kazi. Mwenye chombo huangalia joto, hewa, chakula, uchachu na usafi. Kazi yenyewe hufanywa na hao wadogo.

Sasa mtazameni mama anayetengeneza munkoyo. Anapika uji wa mahindi, anauacha upoe mpaka uwe vuguvugu, kisha anatia mizizi iliyopondwa. Baada ya saa chache uji uliokuwa mzito unatiririka kama maji. Mizizi ile ina vimeng'enya vinavyokatakata wanga kuwa sukari. Kiwandani kwa bia kazi hiyo hufanywa na shayiri iliyooteshwa. Baadaye bakteria wa asidi ya laktiki wanaingia, na ule uchachu mnaoupenda unatokea. Nilimwuliza mama mmoja kwa nini hatii mizizi uji ungali unachemka. Akaniangalia kama mtoto, akasema: "Utaiua." Hakusoma habari za protini, lakini jibu lake ndilo lililo katika kitabu: joto kali huharibu kimeng'enya.

Na mihogo? Tunailoweka siku tatu, siku nne, mpaka ilainike na kunuka. Wakati huo bakteria wanachachua maji, nyama ya muhogo inalegea, na kimeng'enya cha muhogo wenyewe kinakutana na sumu yake, linamarini, na kuivunja. Sianidi inayotoka inakwenda na maji na hewa. Kuna mahali katika nchi yetu ambako njaa na haraka ya soko zilifupisha siku hizo. Huko Kwango daktari Trolli aliandika mwaka 1938 juu ya ugonjwa ambao wenyeji waliuita konzo: miguu inakakamaa ghafla na hairudi tena kama ilivyokuwa. Kwa hiyo bibi anapokukataza kuitoa mihogo mapema, anakulinda miguu.

Hata chungu chenyewe kina historia hapa. Wachimbuzi waliofanya kazi Sanga, kando ya Ziwa Kisale katika mkoa wetu huu, mwaka 1957 na 1958, walikuta makaburi yenye vyungu vingi vizuri sana, vingine vya zaidi ya miaka 700 iliyopita. Sitadai kwamba vilikuwa na munkoyo. Hilo sina ushahidi nalo. Nasema tu kwamba watu wa Lualaba hawakungoja mtu aje kuwafundisha chombo.

Kinachokosekana katika chungu cha mama ni namba. Yeye anapima kwa mkono na kwa pua, na mkono huo umefundishwa miaka thelathini. Mwanafunzi wa miaka kumi na saba hana mkono huo. Yeye lazima tumpe kipimajoto na daftari.

Hoja ya pili: wakubwa nao walianza na vyombo vya kuokoteza

Hapa nitakwenda haraka, ila habari moja sitaiacha. Mwaka 1940, Oxford, Uingereza, wakati wa vita, kundi la watafiti la Howard Florey lilitaka kupata penisilini ya kutosha kumtibu mtu. Ukungu unaotoa dawa hiyo ulitaka tabaka pana la maji yasiyo na kina, kwa sababu unaishi juu kwenye hewa. Viwanda vilikuwa na kazi ya vita. Fundi wao wa mambo hayo, Norman Heatley, akatumia makopo ya biskuti, na vile vyombo ambavyo mgonjwa asiyeweza kuondoka kitandani hujisaidia. (Mnacheka. Chekeni, lakini vilikuwa na umbo hasa lililotakiwa.) Baadaye aliagiza vyombo vya kauri vya umbo kama hilo, na Desemba ya mwaka huo huo vikafika. Februari 1941 polisi mmoja, Albert Alexander, alichomwa sindano ya dawa hiyo. Akaanza kupona. Dawa ikawa haitoshi, hata wakaichuja tena kutoka katika mkojo wake. Ikaisha, akafa mwezi wa Machi. Vyombo vilikuwa vidogo mno. Miaka mitatu baadaye, Machi 1944, kampuni ya Pfizer ilifungua kiwanda Brooklyn, Marekani, katika jengo lililokuwa la kutengenezea barafu, na matangi marefu yanayopuliziwa hewa kutoka chini. Tofauti kati ya kopo la biskuti na tangi lile ni swali moja tu: hewa inamfikiaje kiumbe aliye kilindini?

Karibu na sisi zaidi, kule Kasese, Uganda, mgodi wa shaba wa Kilembe uliacha lundo kubwa la mawe ya pairaiti yenye kobalti. Kuanzia 1999 kiwanda kilichojengwa hapo kiliyatia mawe hayo, yakiwa yamesagwa, katika matangi yenye zaidi ya mita za ujazo 1,000 kila moja, na humo bakteria wanaopenda asidi wakawa wanaivunja pairaiti na kuiachia kobalti ioshwe. Kazi kubwa ya mafundi ilikuwa kulipoza tangi, kwa maana pairaiti ikiliwa inatoa joto jingi, na joto likipita kiasi wafanyakazi wenyewe, yaani bakteria, wanakufa. Wazazi mlio na watoto wanaotafuta kazi katika migodi ya Kolwezi na Likasi, liwekeni hilo moyoni: katika kobalti kuna kazi ya sururu, na kuna kazi ya mtu anayejua bakteria anataka nini.

Hoja ya tatu: jinsi ya kulijenga, na kwa nini kila kipande kinauliza swali

Chukueni bidoni la lita 5, angavu, lenye mdomo mpana. Tilieni maji lita 3 tu. Nafasi inayobaki ni ya povu. Kwenye kifuniko toboeni matundu matatu kwa msumari wa moto. Gundi ya baiskeli haishiki plastiki hiyo, msijisumbue. Kateni kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, kitobolewe kitundu kidogo kuliko mpira wa serumu, kisha mpira wa serumu upenyezwe kwa nguvu. Utashika barabara.

Mpira wa kwanza unashuka mpaka chini, nao unaleta hewa. Wa pili unaishia juu ya maji, nao unatoa gesi kuipeleka katika chupa nyingine yenye maji. Wa tatu ni wa kulishia na kuchotea, na una kile kigurudumu chake cha kufunga na kufungua matone. Kigurudumu hicho, ndugu zangu, ndicho kipande cha thamani kuliko vyote. Nitakirudia.

Hewa tutaipata wapi, nanyi mnajua umeme wetu? Nguzo za waya wa umeme wa bwawa la Inga zinavuka nchi kilomita zipatazo 1,700 mpaka Kolwezi, na vijiji vingi vilivyo chini yake vinawasha mishumaa. Kwa hiyo pampu ya umeme tusiitegemee. Tunaujaza mpira wa ndani wa gurudumu la lori kwa pampu ya baiskeli, tunauwekea ubao na matofali juu ili msukumo usilegee, na hewa inapita polepole kwenye mpira wa serumu. Njiani inapita katika bomba la sindano mpya lililoshindiliwa pamba kavu. Pamba inashika vumbi na vijidudu. Ikilowa haifai tena, ibadilisheni.

Kwa nini hewa itusumbue hivyo? Kwa sababu maji ni maskini wa oksijeni. Lita moja ya maji hapa kwetu inabeba kama miligramu 7 tu. Lita moja ya hewa inabeba mara thelathini na zaidi ya hiyo. Wavuvi wa Ziwa Upemba wanalijua hili bila kuambiwa: ndani ya mafunjo, ambako maji yamelala na majani yanaoza, samaki wengine wanakosa pumzi, lakini kambare anapanda juu, anameza hewa, anarudi. Hamira katika bidoni haiwezi kupanda. Lazima sisi tuiteremshie hewa.

Joto sasa. Hamira inapenda nyuzi 30 hivi. Mwezi wa sita na wa saba usiku wetu una baridi ya kuvaa koti, na bidoni likiachwa mezani litalala. Liwekeni katika sanduku lililojaa pumba za mbao, pamoja na chupa mbili za maji ya moto. Andikeni joto jioni, andikeni asubuhi. Siku moja wanafunzi wataona bidoni lina joto kuliko chupa zilizolizunguka, watadhani kipimajoto kimeharibika. Waacheni wabishane kidogo kabla ya kuwaambia kwamba uhai wenyewe unatoa joto, kama kule Kasese.

Usafi. Hapa nina jambo la kuwashangaza walimu wa fizikia. Kamina ipo juu, zaidi ya mita 1,000, na maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Mbegu ngumu za bakteria wengine zinavumilia hata 100. Mahospitali hutumia mvuke wa nyuzi 121 chini ya msukumo. Sufuria ya presha inakaribia huko, na aliye nayo aitumie. Asiye nayo amfuate John Tyndall, aliyeonyesha mwaka 1877 kwamba unaweza kuchemsha leo, ukaacha mpaka kesho ili mbegu zilizobaki zichipue, ukachemsha tena, na kesho kutwa mara ya tatu. Zilizochipua hazina ganda la kuzilinda. Subira ya siku tatu inafanya kazi ya mashine. Bidoni lenyewe halichemshwi, litajikunja. Lisafisheni kwa maji ya javeli, kisha lisuuzeni kwa maji yaliyochemshwa.

Vipimo vingine havina gharama. Maji ya maua mekundu ya ngai-ngai yanabaki mekundu penye asidi na kugeuka kijani penye alikali. Wingi wa hamira tunaupima kwa msalaba wa kalamu: chora msalaba kwenye karatasi, weka gilasi juu yake, mimina maji ya bidoni polepole mpaka msalaba usionekane, pima kina kwa rula. Kadiri hamira inavyoongezeka, kina kinapungua. Gesi tunaikusanya katika chupa iliyojaa maji na kupinduliwa ndani ya beseni.

Juu ya gesi lazima niungame. Nilipokuwa kijana, katika shule moja ya mbali na hapa, nilitengeneza bidoni langu la kwanza na, kwa kuogopa uchafu, nikakaza kifuniko kabisa. Ilikuwa Jumamosi. Jumapili tukiwa kwenye wimbo wa pili tukasikia mlio. Ukuta wa darasa ulikuwa na povu mpaka kwenye dari, na harufu ilikuwa kali hata mkubwa wa shule akaamini kwamba wanafunzi wanapika pombe kali ya lutuku. Hesabu ambayo sikuifanya ni hii: gramu 10 za sukari, ikiliwa yote, inatoa karibu lita 3 za gesi katika hewa ya huku kwetu. Mimi nilitia gramu 200. Pigeni hesabu wenyewe. Tangu siku ile mpira wa kutolea gesi ndio ninaouweka kwanza, na kila mwanafunzi wangu anafanya hesabu ya lita kabla hajapewa sukari.

Sasa turudi kwenye kigurudumu. Vitabu vyetu vinasema hivi: hamira ikiwa na hewa inaongezeka, ikikosa hewa inatengeneza pombe. Pasteur aliliona hilo mwaka 1861, nasi tunaliandika ubaoni kila mwaka. Tukaweka mabidoni mawili, moja na hewa, moja bila, sukari sawa. Mwalimu anangoja tofauti kubwa. Wanafunzi wakanusa: yote mawili yananuka pombe! Walidhani wamekosea. Hawakukosea. Hamira ikikuta sukari nyingi kwa mara moja inaitupa kuwa pombe hata ukiipulizia hewa usiku kucha, kama mtu aliyepata mshahara wa miezi sita siku moja. Ili iongezeke, lazima uipe sukari kidogo kidogo, kadiri inavyoweza kuila. Viwanda vya hamira vimefanya hivyo kwa zaidi ya miaka mia moja. Nasi tufanyeje? Tunatundika chupa ya maji ya sukari juu ya bidoni, kama mgonjwa anavyotundikiwa serumu, na kufungua kigurudumu. Matone 20 ya mpira huo ni mililita 1. Matone matano kwa dakika ni mililita 15 kwa saa. Tulipofanya hivyo, siku iliyofuata msalaba ulipotea kwenye kina kifupi zaidi, na harufu ya pombe ilikuwa imepungua sana.

Katika ile mashine ya kununua, kompyuta ndiyo inayopima matone. Mwanafunzi anabonyeza kitufe na kuangalia mstari ukipanda. Hapa alikaa yeye na saa mkononi, akihesabu tone moja moja, na alipolala akakuta matone yamekwenda mbio na harufu imerudi. Huyo hatasahau. Ndiyo maana nilisema letu linafundisha zaidi, na silisemi kwa kujifariji.

Hoja ya nne: mambo tusiyodai

Wapo watakaosema, baada ya mkutano huu, kwamba tutapikia gesi ya bidoni na kufungua kiwanda. Hapana. Gesi ya hamira haiwaki. Ni ile ile inayozima mshumaa. Gesi ya kupikia inatoka kwa bakteria wengine, katika mashimo makubwa yanayolishwa samadi au kinyesi kila siku. Rwanda walifanya hivyo kwenye magereza, na chuo cha KIST cha Kigali kilipata tuzo ya Ashden kwa kazi hiyo mwaka 2005. Ule ni ujenzi wa matofali na simenti, na unataka mhandisi. Atakayewaahidi hayo kutoka kwa bidoni la lita 5 anawadanganya.

Yaliyomo hayanywewi, na hayakenekwi. Nasema hili nikiwatazama ninyi wanafunzi mlioketi nyuma. Na hatuoteshi kitu kilichotoka chooni, kwenye kidonda au kwenye maji ya kisima kibovu. Bidoni linalokuza hamira litakuza na kipindupindu kwa furaha ile ile. Hamira ya mkate, wengi mnaiita levire, inatosha kwa mwaka mzima wa maswali. Tukimaliza, tunatia javeli humo ndani, tunangoja, ndipo tunamwaga.

Kuhusu bei, mzazi mmoja aliniuliza mlangoni. Vyote pamoja havikufika bei ya mbuzi, na kilichokula fedha zaidi ni kipimajoto. Ningeomba shule inunue vipimajoto kumi kuliko chombo kimoja kizuri kitakachofungiwa kabatini kwa mkubwa wa shule, kikitolewa wakati mkaguzi anapokuja. Wanafunzi sitini hawawezi kujifunza kwa kutazama kabati.

Nini kitafuata

Mwezi wa sita, baridi ikiingia, tunataka mabidoni yafanye kazi mahali patatu kwa siku moja na saa moja: hapa Kamina, Kabongo, na Bukama. Sukari sawa, hamira ya pakiti moja, sanduku la pumba za namna moja. Bukama ipo chini kando ya Lualaba na ina joto. Hewa yake ni nzito kidogo kuliko yetu. Kila darasa litapima kina cha msalaba na lita za gesi kila baada ya saa tatu, na namba zitatumwa kwa simu, au kwa garimoshi mahali ambapo simu haishiki. Tutazichora zote kwenye karatasi moja.

Kabla ya hapo kila mwanafunzi ataandika ubashiri wake na kuutia sahihi: bidoni lipi litamaliza sukari kwanza, na kwa saa ngapi? Akina mama wa munkoyo nao nimewaomba waseme lao, na mmoja tayari amesema, kwa sauti, mbele ya wote. Jibu lake nimeliandika, nalo litasomwa pamoja na mengine.

Walimu wanaotaka kuanza waje Jumamosi saa tatu asubuhi, hapa hapa. Kila mtu alete bidoni lake. Liwe lilibeba mafuta ya kula, lisiwe la mafuta ya taa. Harufu ile haitoki, nimejaribu.